Kikombe cha Getini

Jumatatu, 6 Januari 2025

Sijawahi kumwambia mtu. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayenitazama usoni. Pua yangu haifanyi kazi. Siyo mafua. Tangu ile homa kali ya darasa la tano sisikii harufu ya kitu chochote — si nyama ya kuchoma, si maua ya kanisani, si choo.

Mama hajui. Baba hajui. Bwenini wenzangu wakiziba pua, na mimi naziba. Wakisema chapati zinanukia, nasema mmh! Kwenye mtihani wa Kemia wa vitendo niliandika kwamba gesi ina harufu ya kukaba, kwa sababu Lilian wa meza ya jirani alikunja uso na machozi yakamtoka. Nilipata sahihi nadhani.

Mwanzoni niliogopa sindano. Baadaye nilimwogopa bibi, angesema nimefungwa na mtu, angenipeleka kwa waganga wake. Sasa ni aibu tu. Binti asiyejua kama maziwa yamechacha au bado, nani atamwachia vibuyu vyake vya maziwa?

Naandika leo kwa sababu leo nimeanza kujitolea mabwawani, kule bondeni nyuma ya Nyamisangura, hapa hapa Tarime, yanakomwagwa majitaka ya mji. Msimamizi wa mabwawa ni Madam Koku. Jina kamili ni Kokushubira, ni Mhaya, alihamishiwa huku kikazi na tunasali naye kanisa moja. Alitangaza baada ya ibada kwamba anatafuta kijana aliyemaliza Form Four anayesubiri matokeo. Kabla yangu walikwenda wasichana wawili. Mmoja alitapika getini. Mwingine alifika saa mbili, saa nne alikuwa ameshapanda boda kurudi kwao.

Mimi nilifuatana na Madam mpaka ukingoni mwa bwawa la kwanza, lile baya kuliko yote, nikasimama tu. Nilisahau kukunja uso! Akanitazama kwa muda. Akasema nina moyo. Akasema watu kama mimi ndio wanaotakiwa chuo cha maji, na nikivumilia ataniandikia barua ya kunisaidia.

Hakuna aliyewahi kuniambia nina moyo. Sikumsahihisha.

Jumatano, 8 Januari

Nilidhani nitakuta mashine kubwa zinanguruma. Hakuna. Ni mabwawa matatu, matete, upepo, na ndege. Kazi yote inafanywa na vitu ambavyo sivioni.

Gari la kunyonya vyoo linamwaga kwenye chemba yenye wavu wa chuma. Pale mimi na Thadeo, mlinzi wetu, tunavuta kwa reki vitambaa, chupa, pampasi, jana kiatu cha kike cha mguu wa kushoto. Thadeo alikiinua akauliza mwenyewe alitokaje chooni, akirukaruka? Nilicheka mpaka nikaona haya.

Kisha maji yanaingia bwawa la kwanza, lenye kina, uchafu unazama na kuoza taratibu. Bwawa la pili ndilo Madam analolipenda. Ni la kijani! Kijani cha majani ya ndizi machanga. Anasema ukijani ule ni uhai, unakula jua na kutoa hewa, na hewa hiyo wanaivuta wadudu wadogo sana wanaomaliza uchafu. La tatu ni pana na maji yake si ya kina, humo jua linaua vijidudu. Halafu matete, halafu mlango wa chuma wa kutolea maji, halafu kijito na bustani za mboga za akina mama wa bondeni.

"Baba yako anafuga, na mimi nafuga," Madam aliniambia. "Tofauti ni kwamba ng'ombe wangu hawaonekani. Lakini ukiwalisha vibaya wanakufa vilevile."

Ndiyo maana kuna kikombe. Kila gari likija, kabla bomba halijafunguliwa, mtu wa getini anachota kikombe kimoja. Anatazama. Anakoroga kwa kijiti. Ananusa. Choo kinanuka choo, basi. Kikinuka mafuta ya gari au dawa, gari linageuza. Nilimuuliza Madam kama hakuna kipimo. Akasema vipimo vipo, majibu yanachukua wiki, gari linamwaga kwa dakika chache. Pua ndiyo askari wa kwanza.

Askari huyo mimi sina.

Nimepata njia. Nachota, nakoroga, nasogeza kikombe puani — huku namtazama Thadeo. Thadeo ana uso mpana usioficha kitu. Akiendelea kutafuna muhindi wake wa kuchoma, mzigo ni wa kawaida. Pia namtazama dereva. Dereva wa gari la kunyonya vyoo ni Simioni, anazunguka mpaka Nyamongo kunyonya vyoo vya gesti, na ana maneno!

"Oya, bibi harusi wa mabwawa! Nusa vizuri, hiyo ni chai ya Nyamongo, imetiwa tangawizi!"

"Mura, mwache mtoto afanye kazi," Thadeo akamwambia.

"Si namkaribisha chai?"

Nikasema sawa, kwa sauti ndogo. Bomba likafunguliwa. Hakuna aliyegundua.

Jumamosi, 11 Januari

Baba amerudi kutoka kijijini kwa babu, kwenye ng'ombe. Amekonda. Kupe mwaka huu ni wengi, ndama wawili wamekufa. Baba ni mwenyekiti wa kamati ya josho, lile shimo la saruji la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe, kwa hiyo kila mwenye ng'ombe anamlalamikia yeye. Dawa iliyomo kwenye josho imechoka, imejaa tope na samadi. Lazima yote itolewe ndipo watie mpya. Afisa mifugo amewaambia wachimbe shimo mbali na maji, wamwage humo, watie chokaa, wafukie.

"Nani achimbe?" Baba akasema. "Vijana wote wako Nyamongo. Mashimo ya dhahabu ya watu wanachimba, la josho hawataki."

Mama akamwambia ale kwanza.

Tulikuwa tunakula ugali na dagaa. Ghafla Baba akanigeukia. Huwa hanigeukii. Akauliza: hayo mabwawa yenu, kazi yake hasa ni nini? Nikamweleza! Nilieleza yote, la kwanza, la pili, la tatu, jua, matete. Nadhani sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, tonge mkononi.

Akauliza, kwa hiyo maji machafu yakiingia huko yanatoka masafi?

Nikasema ndiyo, Baba. Yanasafishwa yote.

Akatikisa kichwa polepole. "Serikali imefanya jambo," akasema.

Nimefurahi leo. Sina la ziada.

Jumanne, 14 Januari

Madam hakuwepo mchana. Aliitwa ofisini Bomani, mjini, kuna mpango wa kuleta bomba la majitaka kutoka katikati ya mji mpaka huku, na kuchimba bwawa la nne. Ameusubiri mpango huo tangu alipohamia. Lakini wakazi wanaozunguka lazima wakubali kwanza, mkutano ni tarehe 25. Alinitikisia kidole kwa utani: "Wewe na Thadeo. Kitu usichokielewa, nipigie."

Saa tano hivi mbuzi wa watu wakapenya uzio wa chini, Thadeo akaenda kuwafukuza na kuziba matundu. Ndipo Simioni akaja. Nilikuwa peke yangu.

Leo hakutania. Alijifunga kitambaa usoni mpaka machoni, na miwani ya jua juu yake. Alisema vumbi la barabarani. Nikachota. Rangi ya kahawa yenye maziwa kidogo. Nikakoroga. Kulikuwa na vinywele vifupi vingi, nikadhani amenyonya choo cha saluni. Nikasogeza kikombe puani na kumtazama — hakukuwa na uso wa kutazama. Kitambaa na miwani tu. Nilijiona mwenyewe kwenye miwani, mdogo, na kikombe.

"Fungua basi dada, nina tripu nyingine."

Nikasema sawa.

Alikuja tena saa nane na mzigo mwingine. Mara hiyo nilichota tu kwa haraka, sikusogeza hata puani. Ilikuwa na faida gani?

Thadeo aliporudi na fimbo yake alisema naona leo tunanuka kama boma la mifugo. Kisha akanusa shati lake, akacheka, akawatukana wale mbuzi.

Ijumaa, 17 Januari

Bwawa la pili limekufa.

Jana lilikuwa na mabaka. Leo lote limekuwa rangi ya chai ya maziwa iliyolala. Vyura wanaelea kandokando, matumbo juu, weupe. Ndege hawajashuka. Madam alipiga magoti ukingoni, akachota maji kwa kiganja, akayaacha yachuruzike. Kisha akakimbia — sijawahi kumwona akikimbia — mpaka kwenye mlango wa chuma na kuufunga. Hakuna maji kutoka kwenda kijitoni mpaka ijulikane ni nini.

Akatuita. Thadeo alisema hajui. Mimi nilisema yalikuja magari ya kawaida.

"Kikombe ulinusa?"

"Nilinusa, Madam."

Alinitazama kama mtu anayeegemea ukuta. "Sawa," akasema. "Basi tutafute kwingine."

Jumapili, 19 Januari

Wanasema harufu imepanda mpaka mjini. Kanisani watu wamefunika pua kwa leso, kwaya imeimba kwa shida. Winfrida wa kwaya, tunayeitana wajina kwa kuwa jina letu ni moja, alihama benchi langu. Nilisikia akimwambia mwenzake kwamba natoka nayo mwilini. Madam alikaa mbele peke yake, mabenchi mawili yamemzunguka matupu.

Nyumbani Mama alishindwa kula. Mimi nilikula. Akashangaa. "Wewe umeshazoea mavi kabisa!" Hakusema kwa ubaya.

Jioni Baba amekuja, mchangamfu! Josho liko tayari, dawa mpya imo, ng'ombe wote wameogeshwa. Mama akauliza, mmepata wachimbaji? Baba akacheka.

"Nichimbe nini? Nimempata dereva wa lile gari la vyoo, Simioni, kanyonya josho lote likawa jeupe. Kapeleka kwa akina Winfrida huko yasafishwe." Akanigonga begani kidogo. "Si ulisema yanasafisha yote?"

Vile vinywele. Vinywele vya ng'ombe.

Dawa ya kuua kupe imeingia kwenye bwawa linaloishi kwa wadudu. Nimemimina mimi. Watu husema hata mtoto wa mfugaji wa miaka mitatu anaijua harufu ya josho.

Niliacha sahani. Nikasema naumwa kichwa.

Jumatatu, 20 Januari

Nimekwenda kazini nimweleze Madam. Njiani nimepanga maneno. Nimefika, nimevaa gambuti, nimeshika reki.

Sikumweleza.

Jumatano, 22 Januari

Wamekuja wakubwa wawili kutoka mkoani. Mmoja mnene, mpole, anaandika. Mwingine, Mzee Wilbard, ndiye anayeuliza. Sampuli zimepelekwa mbali, majibu wiki mbili, pengine tatu. Lakini anasema hahitaji maabara kujua kwamba geti lilipitisha kitu kisicho choo. Anataka kujua nani alipokea magari wiki ile.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya Madam. Niliona mabega yake yakipanda na kushuka.

"Mimi," akasema. "Nilinusa mwenyewe."

"Ulinusa?"

"Ndiyo, mzee."

"Ukanusa, usisikie kitu." Akacheka bila furaha. "Hiyo pua umeazima?"

Yule mnene akacheka pia. Thadeo akatazama chini. Mimi nilishika mpini wa reki mpaka vidole vikafa ganzi.

Walipoondoka nilimfuata Madam mpaka stoo. Nilitaka kusema. Akanitangulia. Alisema mtu wa kujitolea haruhusiwi kupokea gari peke yake, kwa hiyo kosa la kuniacha ni lake, na jina langu halitaingia. "Wewe una chuo mbele yako. Mimi nilikuuliza Ijumaa, ukanijibu. Yameisha."

Kama angenipigia kelele ningesema. Naapa ningesema.

Alhamisi, 23 Januari

Mvua kubwa. Mlango wa chuma umefungwa, maji ya bwawa la tatu hayana pa kwenda. Yamebakiza kama urefu wa mkono kufika juu ya ukingo. Ukingo ni udongo tu.

Jumamosi, 25 Januari

Mkutano. Watu wengi kuliko nilivyowahi kuona uwanjani pale, wengi wao watu wa maduka, walimu, na wale akina mama wa bustani. Meza moja, viti vinne. Madam alikaa kiti cha mwisho.

Mama Beatrice wa bustani alisimama wa kwanza. Sukuma wiki zinanyauka, maji wameyafungia ya nini? "Mnatunyima maji na mnatupa harufu! Kipi kati ya hivyo viwili ndiyo maendeleo?" Watu wakapiga makofi. Madam akajibu kwamba hawezi kufungulia maji asiyoyajua. Kama ni sabuni au mafuta kidogo, yatapungua nguvu, angeyaachia polepole. Kama ni sumu, yatakwenda kwenye mboga na kwa mifugo inayokunywa chini. Kijana mmoja akapaza sauti: "Wewe ndiye mtaalamu, sasa unatuuliza sisi?" Vicheko.

Baba akanyoosha mkono. Sikujua kama yupo. Alisimama kwa heshima zake zote, kofia mkononi. Akasema Serikali ilileta kitu kizuri, lakini kitu kizuri ukimpa mtu wa kuja ambaye hajali, kinaoza. Akasema nyumbani kwake tu, binti yake mdogo anayejitolea anaijua kazi hii kuliko anayelipwa. Akanionyesha kwa kofia. Watu wakageuka kunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ndipo Mzee Wilbard akatoa chupa. Ni tope walilochota chini ya chemba. Akasema naomba lipite kwa kila mtu, mnuse wenyewe, mjue kwamba choo cha kawaida hakina harufu hii. Chupa ikaanza kuzunguka. Mwalimu mmoja akasema dawa ya panya. Mama Beatrice akasema mzoga. Mwenye duka akasema petroli, na mzoga ndani yake.

Mimi nilizitazama nyuso. Ndiyo kazi ninayoiweza.

Ikamfikia Baba, bado amesimama. Akasogeza pua. Kwanza akakunja uso kama wengine. Kisha uso ukafunguka. Macho yakabaki mahali pamoja. Akavuta tena, polepole, kama mtu anayesoma jina lake kwenye kaburi. Halafu akanitazama mimi.

"Nini, Mzee Waitara?" wakamuuliza.

"Tope," akasema. "Ni tope tu." Akampa chupa jirani, akakaa.

Sikupewa chupa. Ilipita mbele yangu, mtu akasema huyu anaishi humo, ataambiwa nini.

Mwisho wametangaza. Madam anakwenda mkoani Jumatatu asubuhi kupisha uchunguzi. Bomba la kutoka mjini na bwawa la nne vimesimama mpaka hapo itakapotangazwa. Watu wakapiga makofi tena. Madam alikunja karatasi zake taratibu, akaziweka kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu manyunyu yalikuwa yameanza.

Jumapili, 26 Januari

Baba hakwenda kanisani. Mama alipotoka kwenda kwa jirani, Baba akaniita nyuma ya jiko. Alikuwa amekaa kwenye kinu kilicholazwa. Akaniambia nikae. Nikakaa chini.

Kuku wakaja kutuzunguka wakidhani tuna mahindi.

"Ulikuwa getini," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Ulinusa."

Nikachora chini kwa kidole.

"Mtoto wa nyumba hii asijue harufu ya josho? Umekulia nyuma ya ng'ombe. Ulinusa ukajua ni josho letu, ukajua ni baba yako, ukayaacha yapite. Na walipokuuliza ukanyamaza." Akaivua kofia yake. "Mimi nilikuwa nadhani kwako mimi ni mtu wa kupita tu, wa kula na kuondoka. Kumbe nina mtoto wa kunisitiri."

Akashika mkono wangu. Baba! Mkono wake ni mkavu kama gome. Sikumbuki kama aliwahi kuushika tangu nilipolazwa na ile homa.

Ningesema pale pale. Baba, sikukusitiri. Baba, sikunusa kitu. Maneno ni machache sana. Nilifungua mdomo, nikamwona anafuta jicho kwa kofia, nikafunga.

Akasema yule Madam ataumia kidogo, lakini atahamishwa tu. Mtumishi anahamishwa, anapata kituo kingine. "Mimi nitahamia wapi? Afisa mifugo alinikataza kwa mdomo wake, mbele ya kamati nzima. Nitakaaje na wale wazee?" Akasema hakujua. Alidhani mabwawa ni mabwawa, yanasafisha. Hilo namwamini. Mimi ndiye niliyemwambia.

Akasema atauza dume lake jekundu ili niende chuo cha maji. Tuendelee kunyamaza tu, yeye na mimi.

Hayo yalikuwa asubuhi. Sasa ni alasiri. Nimekaa kitandani naandika. Mawingu yamefunga upande wote wa magharibi kuliko na ziwa, meusi, na upepo umeanza kubamiza dirisha.

Kuna mtu amepiga hodi.

Ni Madam. Namsikia. Anamwamkia Mama, Mama anamvutia stuli, anasema pole na safari ya kesho. Madam anasema hakuja kuaga. Ametoka mabwawani. Anasema ukingo wa bwawa la tatu umeanza kuvuja, hautavumilia mvua nyingine, na mvua ndiyo hiyo. Lazima aamue sasa hivi. Akifungulia mlango kidogo kidogo, ukingo utapona, lakini maji yatakwenda bustanini na kijitoni. Asipofungulia, itabidi wabebe mifuko ya mchanga, na amempata Thadeo tu. Ukingo ukikatika yatakwenda yote kwa mara moja.

"Nikijua kilichomo nitajua la kufanya," anasema. "Kama ni sabuni, nafungulia saa hii. Kama ni sumu nitapiga magoti mtaa mzima waje wabebe mchanga na mimi. Simioni anaapa ni vyoo vya gesti tu, simwamini. Nina swali moja tu kwa Winfrida. Alikiona kikombe. Labda aliona kitu, hata kidogo, hata rangi."

Sasa Baba. "Mtoto amelala."

Mama: "Amelala wapi? Si huyo yuko macho, anaandika."

Stuli inakwaruza sakafu.

Nikisema josho, Baba atajua nimemtaja, saa chache baada ya kunishika mkono. Na Madam ataamini nilisikia harufu Jumanne ile, nikamwacha atukanwe. Nikisema ni kwa sababu ya pua, nani atanichukua getini tena, chuo kipi, na Baba atajua kwamba hakuna aliyemsitiri. Nikisema sijui, atafungulia. Namjua. Atatumaini kwamba ni sabuni.

Mama ananiita. Mara ya pili. Madam amesimama, naiona gambuti yake chini ya pazia, ina tope mpaka gotini. Baba amesimama pia. Matone ya kwanza yamepiga bati — makubwa, moja moja.

Nakuja, Mama.

Wewe ndiye pekee unayejua yote, anayoyafikiri Baba na anayoyafikiri Madam, na kwamba yote mawili si kweli. Nakuweka chini ya godoro. Sijui nitasema nini nikivuka hilo pazia. Lakini wewe, tafadhali, usimwambie mtu. Kama ni lazima wasikie, wacha wasikie kwangu.